"Akija, mwambie": vishazi tegemezi vya Kiingereza kwa maana zake

"Akija, mwambie anisubiri." Dar es Salaam sentensi hii husemwa kutwa nzima, dukani, ofisini, kijiweni, na anayeisikia haulizi kitu. Ukitaka kuiandika kwa Kiingereza, lazima kwanza ujibu swali ambalo Kiswahili hakikukuuliza: una hakika kwamba atakuja? Ukiwa na hakika utaandika "When he comes, tell him to wait for me." Usipokuwa na hakika utaandika "If he comes, tell him to wait for me." Mtu wa mapokezi akiachiwa ujumbe wenye "if" kuhusu mgeni aliyekwisha kuahidiwa saa nne, ataelewa kwamba mgeni huenda asitokee kabisa.

Ugumu wa vishazi tegemezi vya Kiingereza kwa Mswahili hauko kwenye orodha ya viunganishi. Orodha hukaririwa shuleni, na wengi wanaijua. Ugumu ni kwamba Kiswahili huficha maana ya kishazi ndani ya kitenzi, wakati Kiingereza huitanguliza mbele ya kishazi kama neno linalojitegemea. Ile -po- ya "nilipofika", -ki- ya "akija", -nge- ya "ningejua", -vyo- ya "alivyosema" na -e ya "anunue" zinafanya kazi ambazo Kiingereza kimewapa kina "when", "if", "as" na "so that". Anayetafsiri akachukua vyote viwili, yaani neno la mbele la Kiingereza pamoja na alama ya ndani ya kitenzi cha Kiswahili, hupata sentensi iliyobebeshwa maana moja mara mbili. Makosa mengi nitakayoyaeleza hapa yanatoka kwenye chanzo hicho.

Kwa wanaoanza: kishazi tegemezi kina kiima na kitenzi chake, lakini hakisimami peke yake. "Because the bus was late" ina basi na ina tukio, ila msomaji anabaki anangoja. Ukiweka nukta hapo kwenye insha umeacha sentensi nusu, na wino mwekundu utakuhusu. Vishazi vinavyofanya kazi ya kielezi hugawanywa kwa maana: wakati, mahali, sababu, kusudi, tokeo, sharti, ukinzani, namna na ulinganisho. Mswahili hasumbuliwi na vyote kwa kiwango kimoja. Mahali ni rahisi. Wakati na sharti ndipo penye kazi, kwa hiyo naanzia huko.

Wakati

Sheria ya kwanza ni hii: kishazi cha wakati kinachozungumzia mambo yajayo hakichukui "will". "Utakapofika Ubungo, nipigie" ni "When you reach Ubungo, call me." Kosa la "When you will reach Ubungo" linatoka moja kwa moja kwenye -taka- ya "utakapofika". Kiswahili kinadai alama ya wakati ujao ndani ya kishazi, Kiingereza kinaikataa kwa sababu kishazi kikuu kimeshaonyesha kwamba tuko kwenye wakati ujao. Sheria hiyohiyo inashika kwa "before", "after", "until", "as soon as" na "by the time".

Kuna -ki- yenye -sha- ndani yake: "Nikishamaliza, nitakuletea." Hiyo -sha- usiitupe. Ina maana ya jambo kukamilika, na Kiingereza kina nafasi yake: "When I have finished, I will bring it to you." Ukiandika "When I finish" hujakosea, lakini ukamilifu uliokuwa kwenye Kiswahili umepungua.

Kabla ina mtego wake. Kiswahili husema "kabla hujapanda, uliza nauli", na ndani ya "hujapanda" kuna kanusho. Mantiki yake ni nzuri: wakati wa kuuliza, kupanda bado. Kiingereza kimeshaliweka hilo "bado" ndani ya neno "before" lenyewe, hivyo kitenzi kinabaki bila kanusho: "Ask the fare before you board." Ukiandika "before you have not boarded", msomaji wa Kiingereza hataelewa unamaanisha nini. Njia ya pili ya Kiswahili, "kabla ya kupanda", nayo ina hatari yake, kwa sababu "ku-" humvuta mtu aandike "before to board". Baada ya "before" na "after", kitenzi kisicho na kiima huchukua -ing: "before boarding", "after eating". "After to eat" haipo.

Neno "mpaka" linahitaji subira. Tazama sentensi nne ambazo mtu yeyote wa mjini angezisema:

"Nilimsubiri mpaka akaja."
"Nilitembea mpaka Ubungo."
"Mpaka unafika, watakuwa wameshaondoka."
"Mvua ilinyesha mpaka barabara ya Jangwani ikafungwa."

Kwa Kiswahili ni neno lilelile. Kwa Kiingereza ni sentensi ya kwanza tu inayopokea "until": "I waited for him until he came." Kungoja kuliendelea bila kukatika hadi alipotokea, na hiyo ndiyo kazi ya "until". Ya pili inahusu umbali, kwa hiyo ni "I walked as far as Ubungo", au "to Ubungo" tu. Ya tatu inasema jambo litakuwa limekwisha kabla ya saa fulani, na hapo ni "By the time you arrive, they will have left." Ukiweka "until you arrive, they will have left", umeunganisha neno la kuendelea na kitenzi cha kukamilika, na sentensi haisimami. Ya nne haihusu wakati kabisa. Ni tokeo, na nitairudia.

Njia ya kuzitenganisha ni kujiuliza swali linalojibiwa na kishazi. Kama ni "hadi lini?", tumia "until". Kama ni "hadi wapi?", tumia "as far as" au "to". Kama ni "itakuwa imekwisha kufikia lini?", tumia "by the time". Kama ni "kwa kiasi gani?", hilo ni tokeo.

Kwa matukio ya zamani, -lipo- peke yake haikuambii nini kilitangulia. Kinachosema hivyo ni kitenzi cha pili. "Nilipofika gatini, pantoni iliondoka" ni "When I reached the jetty, the ferry left": ulifika, ikaondoka mbele ya macho yako. "Nilipofika gatini, pantoni ilikuwa imeondoka" ni "When I reached the jetty, the ferry had left": hukuikuta. Pale Kiswahili kinaposema "ilikuwa imeondoka", Kiingereza kinataka "had left", na wanaoandika "left" kwa hali zote mbili wanampotosha msomaji kuhusu kama uliikuta pantoni au hukuikuta.

Watahiniwa wa kidato cha nne wanakijua kile kifungu cha kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo, na "No sooner" ni mgeni wa mara kwa mara humo. "Mara tu dereva aliposimama, abiria wakagombania mlango" inakuwa "No sooner had the driver stopped than the passengers rushed for the door." Mambo mawili hukosewa. La kwanza, "had" hutangulia kiima, kama vile unauliza swali. La pili, kiungo chake ni "than", na sababu yake inaeleweka: "sooner" ni neno la kulinganisha, na neno la kulinganisha humalizikia kwenye "than". "Hardly" na "scarcely" hazilinganishi kitu, kwa hiyo zinachukua "when": "Hardly had the driver stopped when the passengers rushed for the door."

"Lini" na "kama": pale ambapo "will" inaruhusiwa

Wanafunzi wakishaambiwa kwamba "will" haikai baada ya "when" na "if", huiondoa kila mahali, hata pale inapotakiwa. Kiswahili kinatoa kipimo kizuri kuliko maelezo ya vitabu vingi, na nashangaa hakitumiki zaidi madarasani.

"Nitakuambia atakapokuja" na "Nitakuambia atakuja lini" ni sentensi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inasema utaambiwa siku hiyo akishawasili: "I will tell you when he comes." Ya pili inasema utapewa tarehe: "I will tell you when he will come." Kiingereza kimetumia "when" kote kuwili, lakini katika ya pili kishazi hakielezi wakati wa kuambia. Ndicho kitu chenyewe kinachoambiwa, kinashika nafasi ya nomino. Kwa hiyo, ikiwa Kiswahili chako kina "lini", acha "will" ikae. Ikiwa kina -po- au -ki-, iondoe.

"Kama" hufanya hivyohivyo. "Sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come", na "whether" inafaa hapo vilevile. "Akija, tutaanza" ni "If he comes, we will start." Jaribu kuweka "whether" badala ya "if". Ikikubali, ni kishazi cha nomino na "will" ni halali. Ikikataa, ni sharti.

Sharti, na -nge- iliyoko pande zote mbili

"Ningekuwa na gari, ningepita darajani." Kiswahili kimeweka -nge- kwenye vitenzi vyote viwili, kwa ulinganifu unaopendeza sikioni. Anayetafsiri akifuata ulinganifu huo anaandika "If I would have a car, I would use the bridge", na hapo amekosea. Kiingereza hugawa kazi: upande wa "if" huchukua wakati uliopita, na "would" hukaa upande wa pili tu. "If I had a car, I would use the bridge." Ule wakati uliopita hauna uhusiano na jana, ni alama ya jambo lisilo halisi. Ndiyo maana kwa "kuwa" tunaandika "If I were you" hata kama mtu ni mmoja. "If I was you" utaisikia mitaani London, lakini kwenye mtihani na barua rasmi andika "were".

Ngazi tatu za sharti zinalingana na Kiswahili hivi:

Jambo linalowezekana: "Ukichelewa, utaikosa pantoni." "If you are late, you will miss the ferry."
Jambo la kudhania sasa: "Ningekuwa na gari, ningepita darajani." "If I had a car, I would use the bridge."
Jambo lililopita, lisilorekebishika: "Ningalijua barabara imefungwa, ningalipita Kigogo." "If I had known the road was closed, I would have gone through Kigogo."

Kwenye karatasi inaonekana safi. Mtaani, -ngali- haisikiki sana siku hizi. Watu husema "ningejua nisingekuja", na wote wanaelewa kwamba mtu ameshakuja na anajuta. Kwa hiyo -nge- ya mazungumzo inabeba mambo ya sasa na ya zamani kwa pamoja, na ukiitafsiri kwa mazoea utaandika "If I knew, I wouldn't come", ambayo ni habari nyingine. Kabla ya kuandika jiulize: jambo hili bado linaweza kubadilika? Kama bado, tumia wakati uliopita na "would". Kama limeshapita, tumia "had" upande wa "if" na "would have" upande wa pili: "If I had known, I wouldn't have come."

Pande mbili zinaweza pia kuwa na nyakati tofauti. Mtu anayesema "ningenunua kile kiwanja wakati ule, sasa ningekuwa naishi Kigamboni" ana sharti la zamani na tokeo la leo: "If I had bought that plot then, I would be living in Kigamboni now." Usilazimishe "would have lived" kwa sababu tu upande wa kwanza una "had". Neno "sasa" lina haki ya kusikilizwa.

"Unless" ina kanusho ndani yake, sawa na ilivyo "before". "Usipolipa, hutashuka" ni "Unless you pay, you won't get off" au "If you don't pay, you won't get off." Chagua moja. "Unless you don't pay" imekanusha mara mbili, na maana imegeuka kuwa kinyume: kwamba anayelipa ndiye hatashuka. Pia "isipokuwa" yetu ina kazi mbili. Ikifuatwa na mtu au kitu, Kiingereza chake ni "except": "Wote walikuja isipokuwa Juma" ni "Everyone came except Juma", kamwe si "unless Juma". Na kwa "ilmradi" kuna "as long as" na "provided that": "Chukua, ilmradi urudishe kesho" ni "Take it, as long as you return it tomorrow." Hapa tena hakuna "will".

"In case" inastahili aya yake, kwa sababu imezoeleka kutumiwa kama "if" yenye suti. "Take an umbrella if it rains" ina maana usibebe mwavuli mpaka mvua ianze. "Take an umbrella in case it rains" ina maana beba sasa, mvua isije ikakukuta njiani. Ukitaka kujua kama "in case" inafaa, jaribu kuweka "-sije -ka-" kwenye Kiswahili chako. Ikikaa vizuri, endelea. Lile tangazo la kwenye maghorofa linaloanza na "In case of fire" ni muundo mwingine: "in case of" hufuatwa na nomino na maana yake ni "ukitokea moto". Kufanana kwa maneno hayo ndiko kunakochanganya watu.

Viunganishi viwili kwa kazi moja

"Ingawa alichelewa, lakini aliruhusiwa kuingia." Kiswahili hakikereki. "Lakini" inaipa sentensi pumzi na kumkumbusha msikilizaji kwamba mambo yanageuka. Kiingereza hakiruhusu: "Although she was late, she was allowed in", au "She was late, but she was allowed in." Kila kiunganishi kinaunganisha vishazi viwili, kwa hiyo vishazi viwili vinahitaji kimoja tu. Ukitaka mkazo baada ya "although" unaweza kutumia "still" au "yet", maana hizo hufanya kazi kama vielezi: "Although she was late, she was still allowed in."

Ndugu zake ni "Because it rained, so we stayed" na "Since the road was closed, that is why we walked", zinazotokana na "kwa kuwa... hivyo" na "kwa sababu... ndiyo maana". Ondoa kimoja. Mseto unaovumiliwa ni "if... then", na hata huo hufaa zaidi kwenye hoja na hesabu kuliko kwenye barua.

Kwenye ukinzani huohuo, "despite" hukosewa kwa namna mbili. Haifuatwi na "of", kwa sababu "of" ni mali ya "in spite of". Tena haifuatwi na kishazi chenye kiima na kitenzi. "Despite he was sick" irekebishe kuwa "Despite his illness", "Despite being sick" au "Although he was sick." Mpaka uleule uko kati ya "because" na "because of": "because the ferry broke down", "because of the breakdown". Kiswahili kina mpaka huo pia, "kwa sababu pantoni iliharibika" na "kwa sababu ya kuharibika kwa pantoni". Palipo na "ya" kwa Kiswahili, pana "of" kwa Kiingereza.

"Even though" na "even if" zitenganishe kwa kutazama kitenzi cha Kiswahili. "Ingawa mvua inanyesha, tutakwenda": mvua ipo, kwa hiyo ni "Even though it is raining, we will go." "Hata mvua ikinyesha, tutakwenda": kuna -ki-, haijulikani, kwa hiyo ni "Even if it rains, we will go." Na ile kauli yetu ya "hata ujitahidi vipi" ina mwenzake mzuri: "However hard you try" au "No matter how hard you try". Neno la sifa au la namna lifuate "how" papo hapo. "However you try hard" imevunjika.

Kuhusu sababu sina mengi ya kuongeza. "Because" hujibu "kwa nini?" na hubeba habari mpya. "Since" na "as" hufaa pale sababu inapojulikana tayari, kama "maadamu" na "kwa kuwa". Jihadhari tu na "because" inayokuja baada ya kanusho. "I didn't leave because I was tired" inaweza kusomwa kwa namna mbili: nilibaki kwa kuwa nilichoka, au niliondoka lakini uchovu haukuwa sababu. Mkato kabla ya "because" huelekeza kwenye maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, andika "I left, but not because I was tired."

Kusudi na tokeo

"Ili" yetu inakaa na mtendaji yeyote. Kiingereza hutaka kujua kama mtendaji ni yuleyule. "Nimekuja Kariakoo ili ninunue vitenge": mtu mmoja, kwa hiyo "I have come to Kariakoo to buy vitenge." "Nilimpa pesa ili anunue vitenge": mnunuzi ni mwingine, kwa hiyo "I gave her money so that she could buy vitenge." Kishazi kikuu kikiwa cha sasa, "so that" huchukua "can" au "will". Kikiwa cha zamani, huchukua "could" au "would".

"I have come for buying vitenge" ni kivuli cha "kwa ajili ya kununua". "For" yenye -ing hueleza matumizi ya kifaa: "This knife is for cleaning fish." Haielezi nia ya mtu aliyetoka nyumbani. Kwa kusudi la kukwepa jambo, "asije akachelewa", usiandike "She left early not to be late". Andika "so as not to be late" au "so that she would not be late".

Sasa turudi Jangwani. "Mvua ilinyesha mpaka barabara ikafungwa" ni "It rained so hard that the road was closed." Wanaoandika "It rained until the road was closed" wanasema mvua ilikoma barabara ilipofungwa, jambo ambalo wakazi wa Bonde la Msimbazi wangelipinga. Hali kadhalika "alicheka mpaka akalia" ni "She laughed so much that she cried", na "amechoka mpaka hawezi kutembea" ni "He is too tired to walk" au "He is so tired that he can't walk." Kumbuka "too" imeshabeba "hawezi". "Too tired that he can't walk" ni mseto wa miundo miwili.

Kati ya "so" na "such", tazama kinachofuata. "So" hushika kivumishi au kielezi peke yake: "so long", "so slowly". "Such" hushika nomino, iwe na kivumishi au la: "such a long queue that I went home", "such heavy rain that the road was closed". Mvua haihesabiki, ndiyo maana hakuna "a" hapo. Tofauti ni "many", "much", "few" na "little", ambazo hubaki na "so" hata kama kuna nomino: "so many people that the doors could not close". Abiria wa mwendokasi wa saa moja asubuhi hahitaji mfano mwingine.

-vyo- haina tafsiri

"Fanya kama nilivyokuambia." "Ni karibu kuliko nilivyofikiri." Wengi huigeuza -vyo- kuwa "how": "Do as how I told you", "It is nearer than how I thought". Iache. Kazi yake imeshafanywa na "as" na "than": "Do as I told you." "It is nearer than I thought." Kwa "kadiri... ndivyo", Kiingereza kinaweka "the" na neno la kulinganisha mara mbili: "Kadiri unavyochelewa ndivyo foleni inavyozidi" ni "The later you leave, the worse the traffic gets."

"Kama" ikifuatwa na nomino ni "like": "He talks like his father." Ikifuatwa na kishazi, kwa maandishi rasmi ni "as": "He talks as his father did." "Kana kwamba" ni "as if": "He talks as if he owned the bus." Ule wakati uliopita wa "owned" ni uleule wa "If I had a car", alama ya kwamba basi si lake.

Mahali, kama nilivyosema, hapasumbui. Kiswahili kina alipo, aliko na alimo. Kiingereza kimeziweka zote kwenye "where", na "popote" ni "wherever". Kinachoharibika ni kuongeza kihusishi mwishoni: "the house where I was born in". Chagua "where" au "in which", kisha ishia hapo.

Kishazi kisicho na mwenyewe

Kiingereza huruhusu kufupisha kishazi kwa kuondoa kiima: "While I was walking to Posta, I lost my phone" huwa "Walking to Posta, I lost my phone." Sharti lake ni moja: mwenye kitendo cha kwanza awe ndiye kiima cha kishazi kikuu. "Walking to Posta, my phone was stolen" inasema simu ndiyo iliyokuwa ikitembea. Mswahili huliandika kosa hili bila kulihisi kwa sababu lugha yake humlinda. "Nikitembea kwenda Posta, simu yangu iliibiwa" haina utata hata kidogo, maana ni- iko mwanzoni mwa kitenzi na haiwezi kudondoka. Kiingereza kikidondosha kiima, hakuna herufi inayobaki kumtaja mtu. Kwa hiyo kila unapoanza sentensi na -ing, soma neno la kwanza baada ya mkato na uulize kama ndilo lililofanya kitendo. Kama silo, rudisha kiunganishi na kiima: "While I was walking to Posta, my phone was stolen."

Na huo mkato wenyewe: kishazi tegemezi kikitangulia, uweke. Kikifuata, kwa kawaida hauhitajiki, isipokuwa kwa "whereas", kwa "although" mara nyingi, kwa "so that" yenye maana ya tokeo, na kwa ile "because" ya baada ya kanusho.